Magadi soda ni ipi hasa? Kemia ya unga mweupe wenye majina mengi

Mchuzi wa manjano ukidondokea kanzu nyeupe, doa lake ni njano. Lipake sabuni ya mche na papo hapo linageuka jekundu kama limedamka upya, na mwenye kanzu anadhani ndiyo basi tena. Haijaharibika. Kamulia ndimu juu ya wekundu huo na njano inarudi. Rangi iliyomo kwenye manjano ni kipimo cha kemia kilichokaa jikoni miaka yote bila kuitwa hivyo: penye asidi hubaki njano, penye alkali (kinyume cha asidi) ya kutosha huwa nyekundu.

Kipimo hicho kitatufaa baadaye, kwa sababu jikoni, stoo na kiwandani kuna unga mweupe wa aina kadhaa unaoitwa magadi au soda, na majina yake yamechanganyika kiasi cha kuleta hatari. Taarifa za mradi wa kuchimba magadi wa Engaruka, wilayani Monduli, Tanzania, zinaposema "magadi soda", zinamaanisha kaboneti ya sodiamu inayokwenda kutengeneza vioo na sabuni. Mpishi anayeandika "magadi soda nusu kijiko" anamaanisha bikaboneti, ile bekingi soda ya pakiti ndogo. Muuza genge mwenye mawe ya kijivu kwenye kopo anayaita magadi tu, nayo ni mchanganyiko wa hizo mbili. Na ile iitwayo sabuni ya magadi, kwa kawaida haikupikwa kwa mojawapo ya hizo. Imepikwa kwa kostiki soda, ambayo ukiionja utaishia hospitali.

Sodiamu ni msindikizaji

Zote hizo zina sodiamu. Alama yake ni Na, kutokana na neno natriamu, ukoo mmoja na jina la Ziwa Natron lililoko kaskazini mwa Tanzania. Sodiamu yenyewe, ikiwa metali, ni laini ya kukatwa kwa kisu na ikitiwa majini huruka na kuwaka. Mwingereza Humphry Davy aliipata mwaka 1807 kwa kupitisha umeme kwenye kostiki iliyoyeyushwa. Lakini ndani ya bekingi soda au magadi haiko katika hali hiyo. Imeshapoteza elektroni moja, imekuwa ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, imetulia, kama ilivyo kwenye chumvi ya mezani. Haiungui wala haiunguzi.

Anayefanya kazi ni yule aliyefuatana nayo. Bekingi soda (NaHCO3) ina ioni ya bikaboneti. Magadi ya kiwandani (Na2CO3) yana ioni ya kaboneti. Kostiki (NaOH) ina ioni ya haidroksaidi, OH kwa kifupi, na hiyo ndiyo alkali yenyewe. Kostiki ikiingia majini inaachia OH zake zote. Kaboneti haina OH. Inanyang'anya haidrojeni kutoka kwenye molekuli chache za maji, na kinachobaki baada ya unyang'anyi huo ni OH. Bikaboneti imeshabeba haidrojeni moja, kwa hiyo tamaa yake ni ndogo, na OH inazosababisha ni chache mno.

Kipimo cha pH kinahesabu hayo. Maji safi ni 7. Chini ya hapo ni asidi, juu ni alkali, na kila hatua moja ni mara kumi, wala si nyongeza ya moja. Gramu 10 za kila unga katika lita moja ya maji zinatoa takriban hivi: bekingi soda 8.3, magadi ya kiwandani 11.5, kostiki 13.4. Kwenye karatasi, 8.3 na 13.4 zinaonekana majirani. Kwa hesabu ya mara kumi, kostiki ina OH zaidi ya mara laki moja kuliko bekingi soda. Ndiyo maana mmoja anatiwa kwenye keki na mwingine anayeyusha nywele zilizoziba bomba la bafu.

Kwenye sufuria ya maharage

Maharage yaliyokaa ghalani miezi mingi penye joto na unyevu huwa magumu, na huweza kuchemka nusu siku yakabaki yanagonga meno. Kinachoshikilia seli za punje ni gundi iitwayo pektini. Kalsiamu na magnesiamu hukaa katikati ya nyuzi za pektini na kuzifunga pamoja kama vifungo vya shati. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi huongeza vifungo. Alkali hufanya kazi mbili kwa mpigo: kaboneti huivuta kalsiamu kutoka kwenye nyuzi, na OH hukata nyuzi zenyewe. Nyanya na ndimu hufanya kinyume, maana pektini hukatika kwa shida penye asidi kidogo. Anayetia nyanya mapema kwenye maharage mabichi anajiongezea mkaa bure.

Kipimo kinachofaa ni nusu kijiko cha chai cha bekingi soda kwa kilo moja ya maharage, kwenye maji ya kulowekea usiku kucha. Asubuhi maji yamwagwe, punje zisuuzwe, zichemshwe kwa maji mapya. Ukizidisha, mambo matatu hutokea. Ladha inakuwa ya sabuni, na si mfano wa maneno tu, kwani alkali iliyozidi hugusana na mafuta na kutengeneza sabuni kidogo kwelikweli. Ngozi za punje zinavuliwa na chungu kinakuwa uji. Na vitamini B1, ambayo haivumilii alkali, inapotea kwa wingi. Kwenye mboga za majani, matembele au mlenda, magadi hulinda rangi ya kijani, kwa kuwa asidi ndiyo inayoing'oa magnesiamu kwenye klorofili na kuacha rangi ya kahawia. Bei ya kijani hicho ni vitamini hiyohiyo, pamoja na vitamini C.

Magadi ya mawe yana tatizo la ziada. Yanachimbwa ardhini na kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa, mahali ambapo maji yana floridi nyingi, na floridi hiyo imo ndani ya mawe. Meno yenye mabaka ya kahawia katika maeneo ya Arusha na Kilimanjaro yanatokana kwanza na maji ya kunywa, lakini magadi ya chakula yanaongeza mzigo, hasa kwa watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya ufizi. Kuyayeyusha, kuyaacha yatuame na kumimina maji ya juu huondoa udongo. Floridi haiondoki, imeyeyuka humohumo. Kwa chakula cha watoto, bekingi soda ya pakiti ni bora kuliko jiwe.

Kwenye mandazi kazi ya bekingi soda si kulainisha bali kutoa gesi. Ikikutana na asidi, bikaboneti hugeuka maji na hewa ukaa. Kijiko kimoja cha chai, gramu 5 hivi, kikipata asidi yote kinachohitaji hutoa karibu lita moja na nusu ya gesi. Bila asidi bado kitatoa gesi kwa moto, lakini nusu tu, na nusu nyingine ya kaboni itabaki ndani ya unga ikiwa kaboneti, yaani magadi kamili. Hapo ndipo linapotoka andazi lenye madoa ya njano na uchungu wa sabuni. Dawa ni kulinganisha. Nusu kijiko cha chai kwa kikombe kimoja cha mtindi ni kipimo cha kawaida. Kwa siki ya asilimia 5, kila gramu ya bekingi soda inamalizwa na mililita 14. Kijiko kizima cha chai kinataka vijiko karibu vitano vya chakula vya siki, kiasi ambacho hakuna andazi litakalokivumilia. Kwa hiyo punguza soda, usiongeze siki. Bekingi poda ni bikaboneti ileile iliyochanganywa kabla na asidi kavu na wanga, ndiyo maana kijiko kimoja cha soda kina nguvu ya vijiko vitatu au vinne vya poda. Anayebadilisha kimoja kwa kingine kijiko kwa kijiko anaharibu unga wake.

Na hapa tuseme jambo kuhusu ule ushauri unaozunguka kila siku kwamba ukichanganya siki na bekingi soda unapata dawa kali ya kusafishia. Povu linapendeza, lakini likitulia kilichobaki ni maji yenye chumvi dhaifu. Asidi imeimaliza alkali na alkali imeimaliza asidi. Siki peke yake inaondoa ukoko wa chokaa kwenye birika. Bekingi soda peke yake inasugua sufuria. Pamoja haziondoi kitu.

Wavutaji wa ugoro nao ni wanakemia bila kujijua. Nikotini kwenye tumbaku imefungwa na asidi za jani, na katika hali hiyo haipenyi vizuri kwenye ngozi laini ya pua au mdomo. Magadi yanaifungua. Ndiyo maana ugoro wenye magadi mengi unapiga haraka, na ndiyo maana uraibu wake ni mkali.

Ziwa linalotengeneza magadi lenyewe

Ziwa Magadi liko kusini mwa Kenya, kaunti ya Kajiado, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Halina mto unaotoka. Mvua na chemchemi za moto hupita kwenye miamba ya volkano, huchota sodiamu na kaboneti, hushuka bondeni, na jua la huko hukausha maji na kuacha mzigo. Kalsiamu hutangulia kuganda, kwa kuwa kaboneti yake ni chokaa isiyoyeyuka. Sodiamu hubaki majini hadi mwisho, kisha nayo inaganda kuwa jiwe liitwalo trona. Ndani ya trona, kwa kila kaboneti moja kuna bikaboneti moja na molekuli mbili za maji. Kwa sababu ina zote mbili, maji yake husimama karibu na pH 10, katikati ya kaboneti na bikaboneti.

Humo ndani mna samaki, perege mdogo anayeishi kwenye chemchemi za kando. Samaki wa kawaida hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia matamvua, lakini kwenye maji ya alkali kali amonia haitoki. Huyu amejifunza kutoa urea, kama binadamu. Upande wa Tanzania, Ziwa Natron lina jirani wa ajabu zaidi, mlima Ol Doinyo Lengai, volkano inayotema lava ya kaboneti ya sodiamu na kalsiamu. Lava hiyo ni baridi kwa kipimo cha lava, nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi. Hutoka nyeusi, na ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe.

Kampuni ya kuchimba magadi kibiashara kule Kajiado iliundwa mwaka 1911, na reli ikajengwa kuunganisha ziwa na njia kuu pale Konza. Kazi ya kiwandani ni rahisi kueleza. Trona inachimbwa, inaoshwa, inasagwa, inapashwa moto kwenye tanuri. Maji yanaondoka, bikaboneti inaachia hewa ukaa na kuwa kaboneti, ni kisa kilekile cha andazi lisilo na asidi. Kilo 100 za trona safi hutoa takriban kilo 70 za kaboneti. Zile 30 zilikuwa maji na gesi. Nchi zisizo na ziwa kama hili huyatengeneza magadi kwa chumvi, mawe ya chokaa na amonia, kwa njia ya Mbelgiji Ernest Solvay ya miaka ya 1860, na kubaki na mlima wa taka za kloridi ya kalsiamu.

Mnunuzi mkubwa ni kioo. Mchanga safi unahitaji karibu nyuzi 1,700 ili uyeyuke, joto linalokula mafuta na kuta za tanuri. Ukitia magadi, sodiamu inakatakata mtandao wa silika, yaani madini ya mchanga wenyewe, na joto linashuka hadi viwanda vinapolimudu. Kasoro ni kwamba kioo cha mchanga na magadi pekee huyeyuka majini, kwa hiyo chokaa huongezwa ili kukifunga. Chupa ya kawaida ina karibu asilimia 13 ya oksidi ya sodiamu, maana yake kila kilo 100 za kioo kipya zilimeza kama kilo 22 za magadi. Unapokunywa soda, basi, soda ipo hata kwenye chupa, na kinywaji chenyewe kiliitwa hivyo kwa sababu gesi yake zamani ilitolewa kwa soda na asidi.

Kutoka magadi hadi kostiki, kutoka kostiki hadi sabuni

Magadi peke yake hayatengenezi sabuni ya maana kwa mafuta ya kawaida. OH zake ni chache mno. Zamani ilikuwa lazima kuyapandisha daraja kwa chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji: kilo 106 za magadi na kilo 74 za chokaa iliyozimwa hubadilishana wenza, zikatoka kilo 80 za kostiki na kilo 100 za chaki inayozama chini. Maji ya jivu la migomba au maganda ya maharage hufuata njia hiyohiyo, ila metali yake ni potasiamu, na sabuni ya potasiamu ni laini, haishiki umbo la mche. Leo kostiki nyingi duniani hutoka kwenye maji ya chumvi yaliyopitishwa umeme. Upande mmoja hutoka kostiki na haidrojeni, upande wa pili klorini. Klorini ikirudishwa kwenye kostiki inazaliwa jiki. Asidi ikimwagwa juu ya jiki, klorini inatoka tena, na chooni mlango ukiwa umefungwa gesi hiyo inaua.

Sabuni sasa. Molekuli ya mafuta ni gliserini iliyoshikilia asidi tatu ndefu za mafuta. OH huzikata moja moja, na kila asidi iliyokatwa huchukua sodiamu na kuwa sabuni. Kostiki tatu kwa kila molekuli, si zaidi, si pungufu. Kwa kuwa molekuli za mafuta hazilingani urefu, mahitaji hayalingani. Kilo moja ya mafuta ya nazi, ambayo minyororo yake ni mifupi na hivyo molekuli ni nyingi zaidi ndani ya kilo, inahitaji gramu 183 za kostiki. Mawese ni gramu 141. Alizeti ni gramu 134.

Tuchukue mfano: gramu 600 za mawese na gramu 400 za nazi. Mawese yanataka 84.6, nazi 73.2, jumla 157.8. Toa asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki bila kukatwa na yailinde ngozi. Unabaki na gramu 150. Maji ni gramu 350, yanayofanya myeyuko wa asilimia 30. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji. Kikombe hakipimi kostiki, kwa sababu vipande bapa vikikaa ovyo kikombe kimoja kinaweza kuzidi kingine kwa gramu nyingi.

Vaa miwani ya kazi, glavu ndefu na nguo za mikono mirefu, fanya kazi penye upepo. Maji ndiyo yanayotangulia kwenye chombo, kisha kostiki inamiminwa kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukigeuza, ukamwaga maji juu ya kostiki, tone la kwanza linachemka palepale na kukurukia usoni. Myeyuko utapanda hadi nyuzi 80 au 90 bila moto wowote, uache upoe. Chombo kiwe cha plastiki nzito au chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini ni windo la kostiki. Inaliwa, inatoa haidrojeni inayoweza kuwaka, na inatoboka huku kioevu kikimwagikia miguu yako.

Mafuta na myeyuko vyote vikiwa nyuzi 40 hadi 45, mimina myeyuko kwenye mafuta na koroga. Vikiwa baridi zaidi, mawese yanaanza kuganda yenyewe, uji unaonekana mzito, unadhani umefika, kumbe ni mafuta yaliyoganda tu na kostiki iko pembeni inasubiri. Uji wa kweli ni ule ambao tone likidondoshwa juu linaacha alama kabla ya kuzama. Kwa mwiko huchukua dakika thelathini au zaidi. Kwa mashine ya kukorogea ya mkono ni dakika chache. Ukishafika, mimina kwenye fremu, funika, acha siku moja au mbili, kata, kisha panga penye hewa wiki nne. Mmenyuko mwingi unaisha siku za mwanzo. Wiki zinazobaki ni za maji kutoka ili mche usiyeyuke haraka ukitumika.

Makosa mengi tunayoyaona yana chanzo kimoja, kubadilisha mafuta bila kubadilisha hesabu. Nazi imepanda bei, mtu anatia gramu 400 za alizeti mahali pake na kuacha kostiki ileile 150. Hitaji la kweli sasa ni 138.2. Gramu 12 za kostiki zimebaki huru ndani ya mche, na mche huo utababua mikono ya mfuaji. Kinyume chake ni sabuni inayotoa jasho la mafuta na kunuka baada ya mwezi. Hiyo mara nyingi hutokana na kostiki iliyozeeka. Kostiki hunyonya unyevu na hewa ukaa, na hewa ukaa huigeuza kaboneti. Mfuko ulioachwa wazi kwa wiki kadhaa una magadi kwa sehemu, mizani inasoma 150 ileile lakini nguvu haipo. Hata ule unga mweupe unaojitokeza juu ya miche mipya ni mambo hayo: kostiki ya juujuu imekutana na hewa kabla ya kukutana na mafuta. Hauna madhara, futa kwa kitambaa chenye maji.

Magadi yanarudi kwenye kufua kwa mlango mwingine. Maji ya kisima yenye kalsiamu hula sabuni, yakiigeuza utando wa kijivu unaong'ang'ania kola. Magadi yakitangulia yanaikamata kalsiamu na kuizamisha kama chaki. Kwa maji magumu yenye miligramu 300 za chokaa kwa lita, ndoo ya lita 20 inahitaji gramu sita na nusu hivi, kijiko cha chai kilichojaa kidogo. Tia, koroga, subiri, ndipo uweke sabuni. Usiyatumie kwa hariri na sufu, ambazo ni protini na alkali inazila.

Kujua ulichonacho mkononi

Unga usio na lebo usionjwe. Kwanza utazame: bekingi soda ni laini kama wanga, kostiki ya dukani mara nyingi ni vipande bapa vinavyong'aa na kulowa vyenyewe vikiachwa wazi dakika chache. Tia robo kijiko cha chai kwenye nusu glasi ya maji, ukishika kwa kijiko cha plastiki, na uguse glasi kwa nje. Bekingi soda hupooza maji kidogo. Magadi makavu ya kiwandani huyapasha kidogo. Kostiki huyapasha waziwazi. Chovya hapo kipande cha karatasi nyeupe kilichopakwa manjano yaliyokorogwa kwa maji. Kwenye bekingi soda kitabaki njano au kuelekea chungwa. Kwenye magadi na kostiki kitakuwa chekundu. Mwisho mimina siki kwenye glasi, polepole. Zile mbili za kaboneti zitatoa povu, kostiki haitatoa, isipokuwa kidogo kama imeshaanza kuzeeka.

Kostiki ikigusa ngozi, maji mengi yanayotiririka, dakika ishirini, nguo zilizolowa zivuliwe papo hapo. Siki isitiwe, kwani asidi na alkali zikikutana juu ya kidonda zinaongeza joto. Ikiingia jichoni ni maji yaleyale, kope zikiwa zimeshikwa wazi, na safari ya hospitali ianze bila kungoja maumivu yapungue. Aliyeimeza asitapishwe; ilichoma ikishuka na itachoma tena ikipanda. Kopo lake liwe la plastiki lenye kifuniko cha kubana, lenye maandishi makubwa, juu ya kimo cha mtoto. Chupa ya maji ya kunywa na chupa ya soda zisitumike kuhifadhia myeyuko wake hata kwa saa moja.